Mama Yako Hakumpa Mume Wangu Mkono

Atieno wangu,

Nimeolewa! Ngoja niandike tena, kwa sababu kila nikilitazama neno hilo moyo unaruka: nimeolewa, Atieno. Mimi Boke, yule uliyesema ataolewa na hadithi za mapenzi anazosoma chini ya blanketi, leo nina mume wangu mwenyewe, wa nyama na damu, ambaye sasa hivi yuko uani anaimba vibaya huku akiosha buti zake.

Anaitwa Mwita. Ni fundi wa mashine za kusagia unga, na husafiri kotekote, kutoka Kehancha hadi Migori, popote mashine inapokataa kunguruma. Jioni anarudi nyusi zikiwa nyeupe kwa unga kama mzee wa miaka mia, na mimi humfuta taratibu kwa ncha ya leso, na hapo huwa naona dunia yote imetulia ili tumalize. Ungesoma hivyo najua ungejitupa kitandani ukicheka. Ungesema, "Boke, wewe ni mgonjwa." Kweli, dada yangu, ni mgonjwa, na sitaki kupona.

Siku ya harusi nilikutafuta. Najua ulipo, lakini nilikutafuta tu. Mahali pako kando yangu alisimama binamu yangu Robi. Alipendeza, alishika maua vizuri, ila hakunifinya kiuno wakati mchungaji alipouliza kama kuna mwenye pingamizi. Wewe ungenifinya. Tulishakubaliana hivyo tukiwa kidato cha pili, kwenye ngazi za bweni, tukila parachichi moja kwa chumvi uliyoificha ndani ya kifuniko cha kalamu. Ulisema utamhoji bwana harusi mpaka shati lilowe. Ukasema pia, na hili sikulisahau hata siku moja, "Fungate usipeleke kwingine. Mnakuja kwetu Gwassi. Mtapanda mlima mpaka muone ziwa lote, na mtakula mpaka muombe msamaha."

Basi Mwita aliponiuliza ninatamani kwenda wapi, nikamwambia milimani kwa Atieno. Alijua wewe ni nani. Ni mwanamume gani anaweza kunichumbia bila kusikia habari zako? Hakuuliza kwa nini tusiende Mombasa kama wengine. Alisema tu, "Basi nitafute viatu vya kupandia."

Lakini niliogopa, Atieno. Habari za kifo chako zilinifikia ukiwa tayari umezikwa, na tangu hapo mimi na mama yako tulikuwa tukisalimiana kwa simu tu, yeye kwa Kiswahili chake cha soko, mimi kwa kile Kijaluo changu ulichonifundisha, cha kuombea chakula. Sasa niende nikasimame mbele yake nikiwa bibi harusi? Yeye aliyekuzaa, akakusomesha, kisha ugonjwa ukakuchukua kabla hata ya mtu kuja kukuposa? Shangazi yangu alinivuta pembeni akaniambia, "Wewe, mama wa watu utampelekea furaha yako akaifanyie nini?" Usiku na mchana nilijiuliza hilohilo. Nilitaka sana kumwona. Nilitaka sana asiumie kwa kuniona.

Kwa hiyo nikafanya mpango. Nilivaa lile gauni langu la kijivu lililopauka. Nikamwambia Mwita asinishike mkono tukifika, asiniite mpenzi, asinitazame vile anavyonitazama. Akaniuliza, "Nikutazame vipi sasa?" Nikamwambia anitazame kama mtu anayetazama mfuko wa mbolea. Alijaribu. Atieno, yule mtu hawezi kabisa. Mbolea hiyo aliitazama kwa mapenzi makubwa.

Tulipita Migori, tukashuka Karungu, tukafuata njia ya ziwa mpaka Magunga, na pale tukachukua pikipiki. Mvua ilikuwa imeila barabara. Tulipofika kwenye mawe makubwa, kijana wa boda akazima injini, akasema, "Hapa piki inaheshimu mlima. Shukeni, muulize mbele. Hamtapotea, mtalishwa tu."

Nilidhani anatania. Kumbe alikuwa anatupa onyo!

Nyumba ya kwanza tuliingia kuuliza njia. Bibi mmoja alikuwa anapukusa njugu, akatusikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, kisha badala ya kuonyesha njia akaingia ndani na kutoa viti viwili. Akatuletea nyoyo, yale mahindi na maharagwe, bakuli zima bado linafuka moshi. Nikamwambia asante mama, tuna haraka. Akanijibu, "Haraka ni yenu. Nyoyo ni yangu. Mtu akipita hapa na tumbo tupu, watu watasema mimi ni mtu gani?" Tukala. Akatuelekeza njia tulipomaliza, si kabla.

Nyumba ya pili walikuwa wametuona tangu kule chini, maziwa ya mgando yalikuwa tayari kwenye kibuyu. Nyumba ya tatu ilikuwa viazi vitamu. Mzee mmoja aliyekuwa anashona kamba za kitanda alikataa kabisa kutuambia nyumba yenu iko upande gani mpaka mke wake arudi kisimani atupikie chai. Mwita aliniinamia sikioni akasema, "Boke, nitapasuka, unizike hapahapa." Na pale nilicheka, Atieno, nikajisahau, nikamshika bega. Mke wa yule mzee alikuwa anaingia na ndoo kichwani. Akatutazama, akamwambia mumewe kwa sauti ya kusikika bondeni, "Hawa ni wapya! Angalia vile anabeba begi ya bibi na bado anatabasamu." Mzee akauliza, "Na wewe nikikubebea ndoo?" Akajibiwa, "Wewe umechelewa."

Mpango wangu wote ukafia pale. Kila boma tulilopita baada ya hapo, habari zilikuwa zimetangulia. Watoto waliimba nyuma yetu kwamba bibi harusi anapita. Mama mmoja akanirekebisha leso kichwani bila kuniuliza. Mwingine akatia karanga mfukoni mwa Mwita kana kwamba ni mtoto wake anayekwenda shule. Wewe uliwahi kuniambia kwamba kwenu mtu akipita mlangoni bila kuingia anashtakiwa. Nilidhani ni chumvi zako. Nisamehe, dada, hukuongeza hata chembe.

Tulipofika mgongoni mwa mlima, nikageuka. Ziwa, Atieno! Hukuniambia kwamba linapanda. Kutoka juu kule halionekani liko chini, linaonekana limesimama wima kama ukuta wa buluu, na kisiwa cha Mfangano kimetundikwa katikati yake. Nilikaa juu ya jiwe. Mwita alidhani nimechoka. Mimi nilikuwa nakungoja uje uniambie kila kitu kinaitwaje. Kilima kile, bonde lile, kile kijiji chenye mabati mapya. Mtu amekaa na mwanamume anayempenda kuliko pumzi, jua linawaka vizuri, tumbo limeshiba, na bado kuna upande mmoja wa mwili una baridi. Upande huo ni wako.

Mama yako tulimkuta akianika mtama kwenye turubai. Alinitambua kabla sijafungua kinywa. Akaja mbio, akanikumbatia, akaninusa shingoni kama vile anatafuta kitu. Nilihisi mifupa yake, amekonda. Kisha akanyanyua macho, akamwona Mwita amesimama kwenye mwanya wa ua wa minyaa, begi begani, amenyoosha mikono yote miwili kwa adabu ili amwamkie.

Atieno, mama yako aliniachilia ghafla. Akarudisha mikono yake nyuma ya mgongo. Akavuta leso ikamfunika kichwa mpaka nusu ya uso, akageuka ubavu, akaiambia ardhi, "Karibuni." Halafu akaondoka upesi, akazunguka nyumba kwa nyuma, akapotelea jikoni.

Mwita alibaki na mikono hewani. Sitasahau ile mikono. Akaitazama kama amegundua ni michafu, akaipangusa kwenye suruali. Mimi nikajua ndiyo yale. Ndiyo yale aliyosema shangazi. Nimemletea mama wa watu furaha yangu, na imemchoma.

Baba yako mdogo alitokea akamchukua Mwita, akampeleka kwake ng'ambo ya korongo, wakakaa huko na wanaume. Mimi nikaingia jikoni. Alikuwepo mke wa kaka yako, yule wanayemwita Nyar Karungu kwa sababu alizaliwa Karungu, mcheshi kama ulivyonieleza. Jogoo alikuwa ameshachinjwa. Mama yako alipika bila kunitazama sana. Chakula kilipokuwa tayari hakukipeleka yeye, alimtuma Nyar Karungu. Akarudi, mama akamuuliza, "Amekula?" Amekula. "Ameshiba?" Ameshiba. "Aliongezewa?" Aliongezewa. Baada ya muda tena, "Maji ya kuoga wamempa?" Lakini yeye mwenyewe hakutoka. Na kila sauti ya Mwita iliposikika ng'ambo, alijivuta leso kichwani, ijapokuwa palikuwa na ukuta na korongo katikati yao.

Mwisho nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Mama, nimwite aje akusalimie vizuri? Ni mtu mzuri." Akashtuka mwiko ukamponyoka. "Wacha! Asikuje hapa!"

Basi nikalia. Nililia kama mtoto, pale mbele ya moto, moshi na machozi vikichanganyika. Nikamwambia anisamehe, kwamba kesho tutaondoka alfajiri, kwamba sikuja kumwonyesha ndoa yangu, nilikuja kwa sababu nakukosa na sikujua mahali pengine pa kwenda nikiwa nakukosa.

Mama yako alinitazama kama haelewi Kiswahili hata kidogo. Nyar Karungu ndiye aliyeelewa. Alianza kucheka polepole, halafu akaketi chini akashika mbavu. Akaniuliza, "Boke, kwenu Kuria, mama anashikana mkono na bwana ya msichana yake?"

Nikasema la. Hata kwetu mama mkwe anamwepuka mkwe wake, ni heshima. Anamkwepa njiani, hawali pamoja, hawashikani. Hilo nalijua tangu utotoni. Nimemwona mama yangu mwenyewe akiruka mtaro na kikapu cha nyanya kwa sababu Mwita ametokea kwenye kona.

"Sasa huyu mzee unataka ashikane na huyo ora kwa nini?" akasema. Ora ni mkwe, hilo neno nalo nalijua. Nilijua vyote, Atieno. Mila naijua, neno nalijua. Kitu kimoja tu sikukiwaza, kwamba mimi ningehesabiwa binti yake.

Nyamaza nikusimulie alichosema mama yako. Alikuwa ameokota mwiko, anaupangusa majivu kwa kiganja. Akasema kwa kile Kiswahili chake, polepole, "Mimi nilikuwa na msichana moja tu. Wenzangu walikuwa wanakimbia wakwe kwa njia, wanaingia kwa shamba ya watu, tunawacheka. Mimi nikasema, mimi nitazeeka bila kukimbia mtu. Leo nimekimbia."

Akatabasamu. Meno yako yaleyale, yenye mwanya.

Sijui nilisema nini baada ya hapo. Najua nililaza kichwa mapajani mwake na Nyar Karungu akawa anakoroga mchuzi akijidai haoni. Kisha mama yako akataka picha za harusi. Nikafungua simu. Alijifunza haraka kukuza picha kwa vidole viwili, akamkuza Mwita mpaka pua ikajaa kioo, na hapo kwa kuwa ni picha akamtazama vizuri bila woga. "Masikio makubwa," akasema. "Anasikia." Alipofika kwenye ile picha ya mimi na Robi, akaikuza pale Robi aliposimama, akaishikilia hivyo muda mrefu. Hakuniuliza huyo ni nani. Alisema tu, "Hapa." Nikamjibu, "Ndiyo mama, hapo."

Mwita nilipomweleza jioni alifurahi mpaka akaharibika. Si unajua wanaume? Alianza kutembea kwa madaha ya mkwe. Alikataa kiti cha kwanza akangoja kile chenye mto. Baba yako mdogo akamwambia, "Kijana, umekula jogoo wetu na hatujaona mkia wa ng'ombe." Mwita akajibu kwamba ng'ombe yuko njiani, anaogopa mlima. Walicheka mpaka kuku wakatoka chini ya ghala. Asubuhi ikawa sarakasi. Mwita akitokea kushoto, mama yako anazungukia kulia. Mwita akaja kuteka maji, mama akajibanza nyuma ya mtungi. Mara moja waligongana uso kwa uso kwenye kona ya zizi, wote wawili wakageuka wakatimua mbio kila mmoja upande wake. Nyar Karungu alilazimika kukaa chini. Na mama yako, Atieno, mama yako alikuwa anacheka huku anakimbia, ameshika leso kwa meno. Nilitamani uone. Nilitamani mpaka nikahisi uchungu wa kweli, hapa, chini ya titi la kushoto. Kitu chenyewe kilikuwa chako. Mbio zile, kicheko kile, ni vyako, mimi nimeazimwa tu.

Lakini kabla ya sarakasi hiyo, jua halijapanda, mama yako alinipeleka kaburini kwako. Wamekuweka nje kidogo ya ua, kama mila inavyotaka kwa msichana ambaye hajaolewa. Najua ulikuwa unalipinga jambo hilo, ulibishana nalo darasani mpaka mwalimu akafunga kitabu. Mama yako nadhani hakubishana na wazee, lakini amesogeza ua. Kila mwaka anapanda minyaa mipya hatua moja zaidi, mbele, mbele, na sasa mashina ya mwisho yamekaribia kabisa miguu yako. Wazee wanaona. Hakuna aliyesema neno. Nilimuuliza atafika lini. Akasema, "Mvua ikiwa mzuri."

Tulikaa hapo. Yeye aling'oa magugu, mimi nilikusimulia kimoyomoyo. Nilitaka unishike kidole cha mguu kama ulivyokuwa ukiniamsha bwenini, kabla ya kengele, ili tuwahi maji. Nikavua kiatu kabisa, Atieno. Upumbavu gani huo. Niliuweka mguu kwenye udongo wako nikangoja. Palikuwa na umande tu.

Mama yako akaniambia, "Mimi naongea na yeye kila siku lakini habari zangu ni za kuku. Wewe mwandikie. Mwambie umeolewa. Mwambie bwana iko na masikio." Ndiyo maana naandika. Kwa hiyo pokea: bwana ana masikio.

Tulipoondoka alitusindikiza, ila kwa mtindo wao. Mwita aliwekwa mbele kabisa, mbali, na debe la njugu kichwani na kuku kwapani, kwa sababu msichana hatoki kwao mikono mitupu kurudi kwa mume. Sisi wawili tulifuata nyuma. Mwita akisimama kutungoja, mama naye anasimama. Mwita akienda, tunaenda. Watu wa mabomani walitoka kutuangalia, na kila mmoja alimuuliza mama yako ni nani huyo anasindikizwa, japokuwa walitujua tangu jana. Nadhani walitaka tu kumpa nafasi ya kujibu. Akajibu kila mahali, kila mahali: "Ni wangu. Anarudi kwake." Alijibu kwa sauti, kidevu juu.

Kwenye mawe, pale pikipiki zinapoishia, alinifunga leso yake kiunoni. Akasema mtama ukianza kukomaa ndege humshinda, mkono mmoja hautoshi, mwaka jana walikula nusu ya shamba. Akasema Mwita abaki kwake, atafute unga wake, mimi nije peke yangu. "Utalala kwa kitanda ya Atieno. Sijapatia mtu." Kisha akanisukuma kidogo mgongoni nianze kushuka, kwa sababu Mwita alikuwa amegeuka na mama hakutaka aonwe akilia.

Mpendwa wangu, dada yangu wa Kiswahili kilichotuunganisha, niko na furaha nyingi na nina kiu yako, vyote kwa pamoja, na sijui nani aliniambia kwamba kimoja lazima kiondoke ili kingine kikae. Pumzika. Usiwe na wasiwasi juu ya mama. Hivi ninavyoandika nimeshamwambia Mwita ajifunze kupika ugali wake mwenyewe, na ameanza, na ni mbaya sana.

Mtama ukibadilika rangi nitapanda. Nitapiga debe na kuwafukuza ndege kutoka asubuhi mpaka koo likauke. Jioni nitakula na mama, nitaosha vyombo, halafu nitaingia chumbani mwako. Nitalala upande wa ukuta, nikuachie nafasi.

Wako,
Boke